Jicho la Mcheza Gemu

Karibu na mwaka 2000, Shawn Green, mwanafunzi wa shahada ya kwanza katika Chuo Kikuu cha Rochester nchini Marekani, alitengeneza jaribio la kompyuta la kupima jinsi jicho linavyonasa vitu vinavyopita kasi. Akaanza kujipima mwenyewe. Alama zilikuwa kubwa mno, akadhani programu ina kasoro. Akawaita rafiki zake, nao wakapata vilevile. Lakini profesa wake, Daphne Bavelier, alipokaa mbele ya skrini, alipata alama za kawaida. Kilichowaunganisha Green na wenzake kilikuwa kimoja: wote walicheza sana gemu za kurushiana risasi.

Matokeo ya uchunguzi wao yalitoka mwaka 2003 katika jarida la Nature. Vitu vikimulikwa kwenye skrini kisha vikatoweka kufumba na kufumbua, wacheza gemu waliweza kutambua karibu vitano kwa mkupuo. Wasiocheza walitambua vitatu na ushei.

Swali gumu likabaki. Je, gemu ndiyo iliyowanoa macho, au wenye macho makali ndio wanaovutwa na gemu? Ili kulijibu, watafiti hao waliwachukua vijana wasio na mazoea ya gemu, wakawapa saa moja kwa siku, kwa siku 10. Kundi moja lilicheza Medal of Honor, gemu ya vita. Jingine likacheza Tetris. Wa gemu ya vita ndio walioboreka zaidi. Sababu inaeleweka ukitazama michezo yenyewe: katika Tetris kipande kinashuka kimoja kimoja na unajua kitatokea wapi, ila vitani adui huzuka kona yoyote. Mchezaji hulazimika kusambaza umakini wake skrini nzima, na papo hapo kupuuza yasiyo na maana.

Mwaka 2013, watafiti wa Padova, Italia, walipiga hatua ya kutia moyo zaidi. Watoto wachache wenye disleksia, yaani ugumu wa kusoma wa kuzaliwa nao, walicheza gemu yenye purukushani kwa jumla ya saa 12. Kasi yao ya kusoma ikaongezeka, bila kufundishwa herufi hata moja. Inafaa kukumbuka kwamba Kiitaliano, kama Kiswahili, kwa kiasi kikubwa husomwa kama kilivyoandikwa. Ni jambo linalostahili kujaribiwa kwa watoto wetu pia.

Hata hivyo, faida hizi zina mipaka yake. Fundi wa bao huona kete zitakavyotembea mitaji kadhaa mbele, lakini hakuna anayemtarajia kufaulu mtihani wa aljebra kwa sababu hiyo. Ubongo huimarika hasa katika kile unachokizoea. Mwaka 2016 kampuni ya Lumosity, iliyouza michezo ya kunoa akili, ilikubali kulipa dola milioni 2 baada ya serikali ya Marekani kuituhumu kwamba matangazo yake yaliahidi makubwa kuliko ushahidi uliokuwepo.

Tena saa za gemu hukatwa mahali fulani, na mara nyingi ni kwenye usingizi. Kijana wa miaka 13 hadi 18 anahitaji kulala saa 8 hadi 10, kwani usiku ndipo ubongo unapoyapanga na kuyahifadhi aliyojifunza mchana. Anayecheza hadi saa nane za usiku, kisha akaingia darasani asubuhi, anapoteza zaidi ya alichokipata.

Mwaka 2022, watafiti wa Chuo Kikuu cha Vermont walichapisha uchunguzi wa watoto wapatao 2,000 wa miaka 9 na 10. Waliocheza saa tatu au zaidi kwa siku waliwashinda wasiocheza kabisa katika kujizuia na katika kumbukumbu ya muda mfupi. Lakini majibu ya wazazi yaliwaonyesha wachezaji hao wakiwa na dalili zaidi za kukosa utulivu na huzuni, japo hazikufikia kiwango cha ugonjwa. Kwa kuwa uchunguzi huo ulitumia vipimo vya mara moja tu, haikuwezekana kujua kipi kilitangulia. Watoto hao ni sehemu ya kundi la karibu 12,000 linalofuatiliwa kote Marekani kwa miaka kumi, wakipigwa picha za ubongo kila baada ya miaka miwili. Sasa wamekwisha kuwa vijana.