Mwenye kisukari, kagua miguu kila unapotawadha

Wapo wagonjwa wa kisukari ambao miguu yao huwaka moto usiku, huchomachoma kama sindano, au hufa ganzi hadi wanahisi kama wanakanyaga pamba. Huko Masasi na Newala, kama kwingineko nchini, wengine huambiwa ni baridi, au wamekanyaga kitu walichotegewa na hasidi. Wakihangaika kuchanjwa chale, muda unakwenda, na mguu unaharibika.

Ganzi hutoka wapi?

Sukari ikizidi katika damu kwa muda mrefu, huharibu mishipa ya fahamu na vijishipa vya damu vinavyoilisha. Mishipa mirefu zaidi huathirika kwanza, ndiyo maana tatizo huanzia vidoleni mwa miguu, kisha likapanda.

Maumivu ni mlinzi. Mwiba ukikuchoma, unainua mguu. Mishipa ya fahamu ikifa, mlinzi hayupo, na mtu anaweza kushinda na msumari ndani ya kandambili asijue. Jasho nalo hupungua, ngozi hukauka, visigino hupasuka na vijidudu huingia. Damu isipofika vizuri, kidonda hakiponi, huoza, na mwisho mguu hukatwa.

Wengine hupata kizunguzungu wanapoinuka kutoka katika sijida, tumbo kujaa, au kupungukiwa nguvu za kiume. Mwambie daktari, usione haya.

Jipime nyumbani

Vua viatu, fumba macho. Mkeo, mumeo au mwanao akuguse kwa ncha ya kidole, sekunde moja au mbili bila kubonyeza, kwenye kidole gumba, cha kati na cha mwisho cha kila mguu. Kila ukihisi, sema "kulia" au "kushoto". Ukikosa kuhisi viwili au zaidi kati ya hivyo sita, nenda hospitali. Ganzi huweza pia kutokana na ukoma au upungufu wa vitamini B12, hivyo vipimo ni lazima.

Udhu na miguu

Muislamu huosha miguu yake kwa ajili ya swala mara kadhaa kwa siku. Itumie nafasi hiyo:

1. Tazama nyayo, visigino na katikati ya vidole. Usipoweza kuinama, tumia kioo au mwombe mtu wa nyumbani akutazamie.

2. Unapopitisha kidole kati ya vidole vya miguu, kisha pakaushe kwa kitambaa safi, maana unyevu huleta fangasi. Paka mafuta kisigino na juu ya mguu, si kati ya vidole.

3. Miezi ya Juni na Julai, baridi ya Newala inapowafanya watu wachemshe maji, pima joto kwa kiwiko, si kwa mguu. Usiote moto kwa miguu yenye ganzi.

4. Usitembee peku, hata uani au kutoka bombani hadi mlango wa msikiti. Kung'uta viatu kabla ya kuvaa.

5. Msimu wa korosho, vaa viatu vilivyofunika mguu uendapo shambani. Mafuta ya maganda ya korosho huunguza ngozi, na mguu wenye ganzi hautakuambia.

6. Usichonge sugu kwa wembe. Kata kucha kwa kunyoosha.

Matibabu

Mishipa iliyokwisha kufa ni vigumu kurudi, lakini kudhibiti sukari huzuia uharibifu usiendelee. Kwa maumivu ya kuwaka moto, daktari anaweza kukupa dawa kama amitriptilini, usijinunulie dukani. Sigara iachwe kabisa.

Mwaka 2004 ulianza mradi wa kuwafundisha madaktari na wauguzi wa Tanzania kutunza miguu ya wenye kisukari, na Dkt. Zulfiqarali Abbas wa Dar es Salaam alikuwa miongoni mwa waliouongoza. Somo lake kubwa ni kwamba kidonda kikiwahiwa, mguu huokolewa.

Kwa hiyo ukiona lengelenge, mchubuko, uvimbe au weusi, hata kama hauumi, nenda siku hiyo hiyo: Mkomaindo kwa walio Masasi, hospitali ya wilaya kwa walio Newala, au Ndanda. Kidonda kilichofungwa usikiloweshe. Muulize daktari kama maji yanadhuru, kisha muulize sheikh wako kuhusu kupangusa juu ya bandeji au kutayamamu.