"Malaika" Upi: wa Fadhili au wa Nyashinski?

Kwenye harusi, iwe ni ukumbini Kisii mjini au chini ya hema uani huko Nyamira, haikosi saa ambapo mshereheshaji humgeukia DJ na kumwambia, "Hebu weka Malaika." Hapo kuna kazi. Vijana wanataka wa Nyashinski, uliotoka 2017. Wazee wanangoja wa Fadhili William, uliorekodiwa Nairobi kabla wengi wa hao vijana, na hata wazazi wao, hawajazaliwa.

Nyimbo hizi hazina undugu ila jina. Nyashinski anamsifu mpenzi aliye naye. Fadhili analia kwa sababu hana mahari, na bila mahari hana mke. Ajabu ni kwamba kilio hicho ndicho kilichozoeleka harusini, tena kwa Wagusii, ambao wazee wao huketi kujadili ng'ombe kwanza, mengine baadaye. Mwimbaji hana hela, bwana harusi anacheza, baba mkwe anatabasamu! Nashuku utamu wa sauti umetuziba masikio tusisikie maneno.

Hata huo wa zamani una mgogoro wake. Fadhili, aliyefariki 2001, ndiye anayetajwa sana kuwa mtunzi, lakini wapo wanaosema ni Mtanzania Adam Salim. Miriam Makeba na Harry Belafonte waliutia kwenye albamu yao ya 1965, na Boney M nao wakauimba mwaka 1981.

Nyashinski, kwa upande wake, ni Nyamari Ongegu. Litaje jina hilo sokoni Daraja Mbili, Kisii, uone kama kuna atakayeuliza ni mtu wa wapi. Alianzia kundi la Kleptomaniax, akapotea miaka kadhaa, akarudi 2016. Hakumwibia Fadhili chochote: hakimiliki hulinda utunzi na rekodi, na neno moja kama "malaika" halina mwenyewe. Mwaka 2020 alitoa albamu ya Lucky You, ilhali Eminem alikuwa na wimbo wa jina lilo hilo kwenye Kamikaze ya 2018. Dunia haikupasuka.

Balaa huanzia kwenye vibanda vya kujaza nyimbo kwenye flashi. Dereva wa matatu ya Keroka anataka za zamani na za sasa, zote pamoja. Faili mbili zikiwa zimeandikwa "Malaika" tu, kompyuta inauliza: mpya ichukue nafasi ya ile iliyopo? Kijana mwenye foleni mbele yake anabonyeza ndiyo, na Fadhili amefutika. Wajanja huanza na jina la mwimbaji ndipo waandike la wimbo. Skiza, huduma ya milio ya simu, ilikwepa mtego huo kwa kuupa kila mlio namba yake. Lakini ukikosea tarakimu moja, wanaokupigia simu watasikia mtu mwingine kabisa.

Kwa maoni yangu, wapenzi wa benga walishalimaliza jambo hili kitambo. Anayeomba wimbo Egesa FM humtaja mwimbaji kwanza, "ule wa Monyoncho," kisha anaeleza kisa chake, na pengine kuuvumisha kidogo. Jina la wimbo huja mwisho, likija. Na asiyejua mwimbaji ni nani huvuta subira tu, maana mwanabenga hawezi kufika mwisho wa wimbo bila kujitaja mwenyewe, na rafiki zake wawili watatu juu yake.