Kansa ya Utumbo: Kutafuta Mizizi Iliyojificha

Sisi tunaolima tunajua vile magugu hutusumbua. Tunang'oa yote tunayoyaona, shamba linakuwa safi, lakini baada ya mvua chache yamerudi. Mizizi ilibaki chini ya udongo.

Kansa ya utumbo mpana huwa hivyo hivyo. Daktari hukata kipande cha utumbo chenye uvimbe, lakini saa ingine kansa imekwisha kusafiri mpaka kwenye ini, au kwenye vitezi vidogo vilivyo karibu na utumbo. Macho hayaioni, vidole haviigusi. Mgonjwa anarudi nyumbani akishukuru, na baadaye ugonjwa unarudi.

Je, daktari anaweza kusaidiwa kuitafuta? Katika miaka ya 1980 Edward Martin na wenzake wa Chuo Kikuu cha Ohio State, Marekani, walijaribu njia moja.

Miili yetu hutengeneza kingamwili, ambazo ni kama askari. Kila aina hushika adui wake tu, vile ufunguo huingia kwa kufuli yake. Mwaka 1975 Köhler na Milstein, huko Cambridge, Uingereza, walionyesha jinsi ya kutengeneza kwa wingi kingamwili za aina moja. Kwa hivyo iliwezekana kupata zile zinazoshika alama iliyo kwenye kansa ya utumbo. Hizo zikafungiwa iodini-125, ambayo hutoa miale. Ni kama kumfunga mbuzi kengele: hata akiingia kichakani, utamsikia.

Kazi ilifuatana hivi:

1. Mgonjwa alipewa kwanza iodini ya kawaida, ili tezi ya shingo isivute ile yenye miale.
2. Alidungwa sindano ya kingamwili.
3. Alingoja wiki tatu hivi, ili zile ambazo hazikushika kansa zitoke kwenye damu. Nguvu ya iodini-125 hupungua nusu kwa siku 60 hivi, kwa hivyo miale ilikuwa ingalipo.
4. Wakati wa upasuaji, daktari alipitisha chombo cha mkono juu ya utumbo, ini na vitezi. Palipokuwa na miale mingi, chombo kililia.

Njia hii ilionyesha kansa pahali ambapo daktari hakushuku. Lakini saa ingine chombo kililia juu ya kitezi ambacho, kikipimwa kwa hadubini, hakikuonekana na kansa. Kibali cha kuuza dawa hiyo Marekani kiliombwa miaka ya 1990, lakini hakikutolewa. Hata hivyo vyombo vya namna hiyo havikutupwa. Leo vinasaidia katika upasuaji wa kansa ya matiti, kutafuta kitezi ambacho kansa hufikia kwanza.

Tunajifunza nini? Hata mahali penye vyombo vingi, kansa iliyosambaa ni ngumu kuitafuta. Ikikatwa mapema, wengi hupona. Kwa hivyo ukiona damu kwenye choo, usiseme tu ni bawasiri au amiba, ukanunua dawa dukani. Kama choo kimebadilika kwa wiki kadhaa, au unakonda na kupungukiwa damu bila sababu, nenda hospitali upimwe. Kuzungumza juu ya choo ni aibu, lakini aibu haijamponya mtu.

Maswali ya kikundi:
- Kwa nini watu wetu huchelewa kwenda hospitali?
- Kikundi chetu kinaweza kumsaidia vipi mwenzetu aliyekosa nauli au pesa za kupimwa?