Rekodi za Marekani Changa: Ndefu, Fupi na za Pekee

Katiba ya Marekani iliyoandikwa Philadelphia mwaka 1787 ina maneno yapatayo 4,500 tu. Mengi iliyanyamazia, na rekodi kadhaa za siasa za nchi hiyo zilizaliwa katika ukimya huo.

Rais pekee aliyezoa kura zote za wajumbe maalumu wa kumchagua rais
George Washington, mara mbili: 1789 na 1792. James Monroe alimkaribia mwaka 1820, akapungukiwa na kura moja.

Duru nyingi zaidi za kumpata rais: 36
Mwaka 1800 kila mjumbe maalumu alipiga kura mbili bila kubainisha ipi ya rais na ipi ya makamu. Thomas Jefferson na mgombea mwenza wake, Aaron Burr, wakafungana 73 kwa 73. Kazi ikahamia Baraza la Wawakilishi, ambako kila jimbo lilikuwa na kura moja. Joseph Nicholson wa Maryland, hoi kwa homa, alibebwa kwenye theluji na kulazwa chumba cha pembeni, akawa anapiga kura kitandani ili wapinzani wasilichukue jimbo lake. Jefferson alipita Februari 17, 1801. Marekebisho ya 12 ya Katiba yakazitenganisha kura hizo mwaka 1804.

Jaji Mkuu aliyedumu kuliko wote
John Marshall, miaka 34 (1801–1835). Katiba haikutamka nani mwamuzi sheria ya Bunge ikigongana nayo. Katika kesi ya Marbury dhidi ya Madison, 1803, Marshall alijibu: ni mahakama.

Hotuba ndefu zaidi, urais mfupi zaidi
Washington aliapishwa mara ya pili, mwaka 1793, kwa hotuba ya maneno 135. William Henry Harrison, Machi 4, 1841, alisoma maneno zaidi ya 8,000 kwa karibu saa mbili, kwenye baridi, bila koti wala kofia. Siku 31 baadaye alifariki, rais wa kwanza kufia madarakani. Je, makamu anakuwa rais au anakaimu tu? Katiba haikueleweka. Makamu wake, John Tyler, hakungoja tafsiri: alikula kiapo, na barua zilizoandikwa “Kaimu Rais” akazirudisha bila kuzifungua. Katiba ilikuja kulitamka jambo hilo waziwazi mwaka 1967.

Marekebisho yaliyochelewa kuliko yote
Mwaka 1789 James Madison alipendekeza kwamba wabunge wakijiongezea mshahara, nyongeza isianze kabla ya uchaguzi mwingine. Majimbo hayakuwekewa ukomo wa kuridhia, pendekezo likalala. Mwaka 1982 mwanafunzi mmoja wa Chuo Kikuu cha Texas aliandika insha akidai bado lina uhai, akapewa C. Akaanza kuyaandikia mabunge ya majimbo. Mwaka 1992, baada ya miaka 202, likawa Marekebisho ya 27. Chuo nacho kilifanya marekebisho yake mwaka 2017: C ikawa A.