Kuchagua Breki na Foku za Baisikeli ya Mlimani

Mtu anunuapo baisikeli mpya ya mlimani hutazama kwanza foku, yaani uma ushikao gurudumu la mbele, kwa kuwa springi zake hupendeza macho. Mimi nasema atazame breki kwanza. Hapa kwetu Kabale njia ni vilima vitupu, na mvua ikinyesha udongo huteleza kama sabuni.

Breki za raba hubana ringi. Ringi ikilowa maji na matope, huchelewa kushika. Breki za sahani hubana bamba la chuma lililo katikati ya gurudumu, mbali na matope, kwa hiyo hushika hata wakati wa mvua. Nazo ni namna mbili. Za waya ni rahisi kutengeneza. Za mafuta hutaka nguvu ya kidole kimoja tu, lakini ukizitia mafuta yasiyo yake, mipira ya ndani huharibika.

Foku nzuri ina springi au hewa ya kupokea kishindo, na mafuta ya kuizuia isirukeruke. Foku ya bei ndogo mara nyingi hukosa hayo mafuta, ikawa mzigo wa bure. Kwa njia zetu, foku izamayo milimita 100 yatosha.

Kaka yangu anaweka akiba anunue baisikeli ya kupelekea maziwa sokoni. Nimemshauri hivi: fedha zikiwa chache, chukua foku isiyo na springi na breki za sahani za waya. Mikono iliyochoka kwa kishindo itapumzika jioni. Asiyeweza kusimama mteremkoni huenda asiione jioni.