Ua la Kifuani Lisile Pesa ya Vinywaji

Kamati ya harusi ikishamaliza ukumbi na chakula, mpambaji huleta karatasi yake, na chini kabisa kuna mstari mmoja: maua ya familia. Usiupitishe kabla hujauliza ni mangapi na ya nani.

Anza na majina. Wa kuvalishwa ua ni bwana harusi, mpambe wake, wazazi wa pande zote mbili na yule mjomba au shangazi aliyesimama mahali pa mzazi. Basi. Wengine watatambulika kwa sare waliyokwisha kuichangia. Tuseme ua moja ni shilingi 5,000: watu 8 ni 40,000, watu 30 ni 150,000. Hiyo 110,000 ya katikati inanunua soda za meza nzima na zaidi.

Mawaridi halisi mengi ya Dar es Salaam hutoka mashamba ya Arusha. Ni mazuri, ila ua lililotolewa kwenye maji likakutana na joto la Dar halifiki usiku likiwa na sura yake. Karnesheni, lenye petali zilizobanana, huvumilia zaidi na mara nyingi bei yake iko chini. Ukilipata, lichukue. Yungiyungi liache kwenye vyombo vya mezani, maana chavua yake ikigusa shati jeupe, doa halitoki kirahisi. Harusi ikiangukia karibu na Februari 14, waridi hupanda bei. Badilisheni ua, tarehe iacheni.

Maua ya kitambaa ya Kariakoo ndiyo nafuu, hasa kwa dazeni, na unaweza kuyanunua mwezi mzima kabla. Yashike mkononi kwanza. Tazama kingo kama zinatoa nyuzi, na gundi kama imetapakaa kwenye kikonyo. Kisha lowesha kidole usugue petali: rangi ikibaki kidoleni, itabaki pia kwenye koti la baba mtu atakapotoka jasho. Maua ya namna hiyo hata ukipewa bure, kataa.

Kwa akina mama wa Pwani, mimi nisingehangaika na duka. Kikuba cha asumini na mrihani kinapendeza, kinanukia, na anayekisuka mtaani hana kodi ya fremu ya kukuongezea juu. Kasoro yake ni saa. Asumini huchumwa jioni ikiwa tumba, ikafunguka usiku, kwa hiyo kinafaa shughuli ya usiku. Kwa ndoa ya saa nne asubuhi utavalishwa kilichochoka. Agiza mapema, kichukuliwe siku ile ile.

Sasa gharama zisizosemwa: usafiri wa alfajiri, pini, utepe wa rangi ya sare, na mtu wa kuja kuwavalisha. Kila kimoja ni kidogo, vyote pamoja vinaweza kufikia bei ya maua yenyewe. Uliza kama bei ni pamoja na hivyo, na rangi mliyochagua ikikosekana mtaletewa nini. Jibu lije kwa maandishi, hata kwa WhatsApp. Pini nunueni wenyewe, na ongezeni maua mawili ya akiba. Kuna mjomba wa bara atakayefika bila kutarajiwa.

Ua la koti hukaa kushoto, kikonyo chini, pini mbili zikipita nyuma ya kola zisionekane. Gauni la hariri au lesi litaharibika kwa pini, hivyo mama avae la mkononi. Kuna wanaouza ya sumaku: yanafaa, isipokuwa kwa mzee aliyewekewa kifaa cha kusaidia mapigo ya moyo.

Na msivalishane nyumbani. Mkanda wa gari huponda maua yote kabla hamjafika kanisani. Yabebeni kwenye boksi, mvalishane mlangoni.