Boneti ya Gari Lililoundwa Eldoret

Sogeeni karibu, wajukuu zangu, niwasimulie habari ya boneti, lile bati linalofunika injini.

Mwaka 1986 Rais Daniel arap Moi alikitaka Chuo Kikuu cha Nairobi kiunde gari la Kenya, na mwaka 1990 Nyayo Pioneer likazinduliwa Kasarani. Halikufika sokoni, kwani fedha za kuunda mengi hazikupatikana. Hamu ya kujiundia gari haikufa, na hapa Eldoret mafundi wa jua kali wa kugonga bodi hawakosekani.

Tuseme mmoja wao ameunda gari lake, limebaki boneti tu. Haanzi na nyundo. Huanza na kadibodi: anaikata, anaipima juu ya injini, anaikata tena mpaka ikae sawa. Kati ya boneti na injini huacha nafasi, ili mtu akigongwa na kichwa chake kikiangukia pale, bati libonyee kabla hakijafikia chuma kigumu. Nafasi hiyo naiheshimu kuliko rangi yoyote inayong'aa.

Sasa shikeni karatasi kwa ukingo mmoja. Inalegea, sivyo? Ipindeni kidogo iwe na mgongo, inasimama. Bati nalo, likiwa bapa, hutetemeka na kupiga kelele barabarani. Kwa hiyo fundi hulilaza juu ya mfuko wa mchanga, akaligonga kwa nyundo ya mbao. Kila pigo hulitanua kidogo, na mgongo huumuka polepole. Hapo pupa haifai kabisa.

Umbo likikaa sawa, linabaki suala la joto. Mji wetu uko mita 2,100 hivi juu ya usawa wa bahari. Mombasa maji huchemka kwenye nyuzi 100. Hapa, kwenye nyuzi 93 hivi. Kifuniko cha rejeta, chombo kinachopoza maji ya injini, huyabana maji hayo yasichemke mapema, lakini kikilegea tu, mvuke huo! Tena hewa yetu ni nyepesi, haibebi joto jingi. Basi boneti ya Eldoret lazima iwe na matundu.

Yakae wapi? Wengi wangesema nyuma, karibu na kioo. La hasha! Gari likikimbia, upepo hugonga kioo ukarundikana pale, kisha ukaingia matunduni na kulizuia joto lisitoke. Mahali pake ni mbele zaidi, nyuma kidogo ya rejeta. Fundi makini hugundisha vipande vya uzi ukingoni mwa kila tundu, gari likaendeshwa. Uzi ukinyonywa ndani, tundu hilo liko pabaya. Midomo ya matundu huelekezwa nyuma, na chini yake huwekwa kisahani cha kukinga mvua zetu za alasiri.

Komeo huwa mbili, moja ikifyatuka nyingine ishike, upepo usiifunue boneti usoni pa dereva.

Jaribio lenyewe ni kuteremka Bonde la Kerio, kisha kupanda kurudi hadi mji wa Iten, kona baada ya kona, gari likienda taratibu na upepo ni haba. Likifika juu na mshale wa joto haujagusa wekundu, ndipo boneti hupelekwa kupakwa rangi.